"Mimi ni mkimya. Nitaongea na nani kwenye mkutano wa watengenezaji gemu?" Jibu la mtaalamu

SWALI

"Shikamoo mtaalamu. Nina umri wa miaka 26 na kazi yangu ni kuandika programu za gemu. Studio ndogo iliyokuwa imeniajiri ilifungwa mwaka jana. Tangu hapo natengeneza gemu yangu mwenyewe huku nikijishikiza na vibarua vya mtandaoni. Mwezi ujao nitahudhuria mkutano mkubwa wa watengenezaji gemu kwa mara ya kwanza maishani. Nimepata ufadhili wa tiketi na nauli. Kila ninayemweleza ananiambia, 'Kajuane na watu.' Sasa huko kujuana kunafanywaje? Nikiingia mahali penye watu wengi nisiowafahamu, maneno yananikauka mdomoni, naishia kutazama simu. Nimechapisha kadi 200 na nakala 50 za wasifu wangu. Je, niwafuate wakuu wa studio kubwa moja kwa moja? Niwaonyeshe gemu yangu ambayo haijakamilika? Sinywi pombe, na nasikia mambo yote ya maana hufanyika kwenye sherehe za usiku. Naogopa nikirudi bila kazi nitakuwa nimechezea nafasi ambayo wenzangu wengi wangeitamani."

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kupata ufadhili. Nikikusikia vizuri, una hofu tatu kwa pamoja: hujui utasema nini, unadhani ukimya wako haufai mahali pa namna hiyo, na umejiwekea sharti la kurudi na kazi mkononi. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalozifanya hofu nyingine mbili ziwe kubwa kuliko zinavyostahili.

Ni nadra sana mtu kupewa kazi mkutanoni. Wanaokusimulia kwamba fulani alipata kazi huko huwa wanaruka sehemu yote ya katikati ya hadithi. Nafasi ya kazi studioni huanzia kwenye bajeti. Mkuu wa idara huiomba, ikipitishwa hutangazwa, waombaji huchujwa, wanaobaki hupewa jaribio la kuandika msimbo, kisha husailiwa na watu kadhaa kwa siku tofauti. Hayo huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Mtu utakayekutana naye ukumbini, hata awe mkurugenzi, hawezi kuziruka hatua zote hizo kwa sababu tu mmeelewana kwenye foleni ya kahawa. Anachoweza kukufanyia huja baadaye. Nafasi inapotangazwa na maombi yakamiminika kwa mamia, yeye husema, "Huyu namfahamu, tulizungumza kuhusu mfumo wake wa kuhifadhi maendeleo ya mchezaji, anajua anachokifanya." Maneno hayo machache yanatosha kulitoa ombi lako kwenye rundo na kulifanya lisomwe. Kuanzia hapo kazi zako ndizo zitakazokusemea.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu, yaani mahusiano na watu unaofahamiana nao kwa mbali. Miongoni mwa watu aliowahoji ambao walipata kazi kwa kupitia mtu, wengi walikuwa wakionana na mtu huyo mara moja moja tu au kwa nadra. Ukitafakari utaona sababu: rafiki zako wa karibu wanasikia habari zile zile unazozisikia wewe, kwa hiyo taarifa mpya huletwa na aliye nje ya duara lenu. Mwaka 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliowahusu watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa kipindi cha miaka 5. Ulionyesha kwamba waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ni wale wa katikati, ambao si wageni kabisa na wala si marafiki wa kila siku. Mtu mliyezungumza naye dakika 15 mkutanoni, kisha mkaandikiana mara mbili tatu, anaweza kuingia kwenye kundi hilo. Hicho ndicho unachokwenda kukitafuta: watu wachache wa aina hiyo. Ukirudi na watano, safari yako imezaa.

Sasa swali lako la wakuu wa studio. Hapa natofautiana na ushauri unaotolewa sana. Usiwafuate. Wakuu hao hupanga ratiba zao wiki nyingi kabla, na siku za mkutano hutoka kikao kimoja kuingia kingine. Ukimsimamisha mmoja kwenye ngazi atakuitikia kwa adabu, atapokea kadi yako, na jioni hatakumbuka jina wala sura. Hana ubaya wowote, amechoka. Wakati huo huo, hatua chache kutoka hapo kuna mwanaprogramu mwenye miaka mitatu kazini, amesimama peke yake na kikombe mkononi, ana muda, na anatamani mtu wa kuzungumza naye kuhusu jambo lililomsumbua mwezi mzima. Huyo ndiye wako. Miaka michache ijayo ndiye atakayekuwa akiongoza timu na kuamua nani aitwe kwenye usaili.

Hivyo ndivyo mikutano hii ilivyoanza. Game Developers Conference, ambao wengi huuita GDC, ulianza mwaka 1988 sebuleni kwa mbunifu wa gemu Chris Crawford, huko San Jose, California. Walikuwa watu wasiofika 30. Hakuna aliyekwenda kutafuta bosi. Walikwenda kwa sababu kazi yao ilikuwa ya upweke na walitaka kukaa na watu wanaoielewa. Leo GDC hufanyika San Francisco kwenye ukumbi wa Moscone Center, na mwaka 2024 ulivuta karibu watu 30,000, lakini mazungumzo yenye faida bado ni yale ya sebuleni: watu wawili au watatu wanaofanya kazi inayofanana, wakiulizana wanaifanyaje.

Ninajua utasema wenzako hao nao wanatafuta kazi. Ni kweli. Mwaka 2023 peke yake, watu zaidi ya 10,000 walipunguzwa kazini kwenye tasnia yetu duniani, na upunguzaji uliendelea mwaka uliofuata. Utawakuta wengi ukumbini wakiwa na hali kama yako, na kufungiwa studio si aibu ya kuifunika. Sema tu, "Studio yangu ilifungwa mwaka jana, sasa naendelea na mradi wangu." Mwenye kuelewa ataelewa mara moja. Na usiwahesabu wenzako hao kuwa washindani. Hawatabaki bila kazi milele. Watasambaa kwenye studio mbalimbali, na kila anayepata mahali anakuwa dirisha lako la kuchungulia ndani.

Kabla sijafika kwenye ukimya wako, hakikisha unajua unakwenda kwenye mkusanyiko wa aina gani, kwa sababu watu huchanganya. Mingine ni ya wachezaji na umma. gamescom ya Cologne, Ujerumani, ambayo ilifanyika hapo kwa mara ya kwanza mwaka 2009, hupokea wageni zaidi ya 300,000. Wengi wao wamekuja kucheza gemu mpya, na kumbi za biashara hutengwa kwa ajili ya wenye tiketi za kibiashara. Mingine, kama GDC, ni ya watu wa kazi: mihadhara, mijadala na ukumbi wa maonyesho. Mikutano mingi pia huwa na ngazi za tiketi. Palipo na tiketi ya ukumbi wa maonyesho peke yake, hiyo haikuingizi kwenye kila mhadhara. Soma tiketi uliyofadhiliwa leo hii, uone inafungua milango ipi, ndipo uanze kupanga.

Sasa ukimya. Kuna dhana kwamba mikutano hii ni ya wachangamfu, na kwamba wengine wote ukumbini wanajuana na wanajiamini. Mwaka 2007 watafiti Paul Ingram na Michael Morris walichapisha utafiti kuhusu tafrija moja ya wafanyabiashara wapatao 100, waliovishwa vifaa vidogo vya kielektroniki vilivyorekodi nani amezungumza na nani. Kabla ya kuingia, wengi wao walisema shabaha yao ni kukutana na watu wapya. Walipoingia, walielekea kwa watu waliokuwa wakiwafahamu tayari. Hao walikuwa wafanyabiashara wazoefu! Kwa hiyo makundi utakayoyaona yakicheka kwa sauti, mengi ni ya watu waliokuja pamoja na wanaogopa kuachana.

Kuna jingine ambalo ningependa ulishike vizuri zaidi. Mwaka 2018, Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wanaozungumza kwa mara ya kwanza. Baada ya mazungumzo, kila mmoja aliulizwa amempenda mwenzake kiasi gani na anadhani mwenzake amempenda kiasi gani. Watu walikisia chini. Walipendwa kuliko walivyodhani, na pengo hilo lilionekana hata kwa wanafunzi wanaoishi bweni moja, likadumu kwa miezi. Inatokea hivyo kwa sababu ukiwa unaongea unajisikia kutoka ndani: unasikia kila neno ulilokwama, unakumbuka jibu ambalo ungelitoa vizuri zaidi. Mwenzako hasikii hayo. Yeye naye yuko ndani ya kichwa chake akijikagua. Usiku ukiwa kitandani na sauti inakwambia umejiaibisha, jua kwamba sauti hiyo ina kawaida ya kukosea, na mara nyingi inakosea upande huo huo.

Lakini nikuulize jambo kwa upole. Kukauka maneno kwenye chumba cha wageni ni kawaida. Kama hofu hiyo inakunyima usingizi wiki kadhaa kabla, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka ukifikiria tu kuongea, au umewahi kuacha usaili na nafasi nyingine kwa sababu yake, hilo ni jambo la kumwona mwanasaikolojia au mshauri nasaha ana kwa ana. Hofu ya kijamii inatibika, na tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi mawazo na matendo imewasaidia wengi. Mwezi mmoja hautoshi kumaliza tiba ila unatosha kuianza, na vidokezo vyangu vya hapa haviwezi kushika nafasi yake.

Kama ni ukimya wa kawaida, basi unachohitaji ni mbinu. Anza na namna ya kuchagua pa kusimama. Robin Dunbar na wenzake walichunguza miaka ya 1990 makundi ya watu wanaozungumza kwa hiari, wakaona mazungumzo mamoja hushika watu wanne hivi. Akiongezeka wa tano, kundi huwa na mwelekeo wa kugawanyika. Tumia hilo. Wawili waliotazamana uso kwa uso, waache, wamezama. Wawili au watatu waliosimama kwa kuacha mwanya upande mmoja wanakukaribisha hata kama hawajui. Kundi la watu sita huna haja ya kulivamia: simama ukingoni, sikiliza, na muda si mrefu aliye karibu nawe atageuka mwanzishe yenu. Aliye peke yake ndiye rahisi kuliko wote, na mara nyingi atakushukuru kimoyomoyo.

Kisha useme nini? Uliza kuhusu kazi. Utafiti wa Karen Huang na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanaouliza maswali zaidi hupendwa zaidi, hasa wakiuliza maswali ya ufuatiliaji, yale yanayotokana na jibu ulilopewa sasa hivi. Hapa ukimya wako ni mtaji, kwa maana mtu mkimya kwa kawaida anajua kusikiliza. "Unafanya kazi wapi?" ni swali linaloisha haraka, tena linaweza kumchoma aliyeachishwa wiki iliyopita. Jaribu, "Siku hizi unahangaika na nini kazini?" Akikwambia anashughulikia kamera ya ndani ya gemu, muulize wanazuiaje isipenye ukutani mchezaji akirudi nyuma kwenye kona. Akisema gemu yao inalenga fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana kila sekunde, wewe unajua maana yake: ana milisekunde 16.7 tu za kukamilisha kila fremu. Muulize ni nini kinachomlia muda mwingi, michoro au fizikia au akili bandia ya maadui. Swali kama hilo mtu wa nje hawezi kuliuliza. Ukiliuliza, umeshajitambulisha kuwa mwenzake kuliko kadi yoyote ingeweza kukutambulisha. Na kama hujui anachozungumzia, mwambie akueleze. Kuuliza si ujinga, na wanaopenda kazi yao hupenda kuieleza.

Mpaka mmoja tu: wengi wao wamesaini mikataba ya kutunza siri. Akisema, "Hilo siwezi kulizungumzia," badilisha mada mara moja bila kumbembeleza. Ukifanya hivyo atajua unaijua tasnia.

Wewe nawe utaulizwa. Andaa maelezo mafupi, ya sekunde 20, uyatamke kwa sauti nyumbani mpaka yawe mepesi mdomoni. Kwa mfano: "Ni mwanaprogramu wa uchezaji. Nilikuwa kwenye studio ndogo iliyofungwa, sasa natengeneza gemu ya mafumbo ambayo kila hatua yako inaacha mwangwi, na mwangwi huo ndio unaofungua njia. Kinachonitoa jasho ni kurudisha wakati nyuma bila kumbukumbu ya kompyuta kujaa." Ona ile sentensi ya mwisho. Wengi hueleza walichokifanikisha, wakamwacha msikilizaji hana la kusema zaidi ya hongera. Ukimwachia tatizo, amepata mlango wa kuingilia.

Mahali pa kuzungumzia pana uzito kuliko ujasiri. Mihadhara mikubwa ya GDC hurekodiwa, na mingi huwekwa kwenye hazina yao ya mtandaoni ya GDC Vault, na baadhi kwenye chaneli yao ya YouTube bila malipo. Usiimalize siku nzima gizani ukisikiliza kitu utakachoweza kukitazama nyumbani. Chagua michache inayohusu kazi yako kabisa, kaa mbele, na ikiisha usikimbilie mhadhara unaofuata. Mzungumzaji hutoka nje ya chumba ili kipindi kingine kianze, na watu kadhaa humfuata kumuuliza. Jiunge na kikundi hicho. Hata usipopata nafasi ya kumuuliza mzungumzaji, wale wengine waliosimama naye wote wamevutwa na mada ile ile iliyokuvuta wewe, na hakuna utangulizi mzuri kuliko huo: "Na wewe umekwama kwenye hili?"

Bora zaidi ni mijadala ya mezani, ambako watu wachache wa fani moja hukaa na mwongozaji na kujadili bila kurekodiwa. Kama tiketi yako inaruhusu, hiyo ndiyo ingekuwa chaguo langu la kwanza kwa mtu kama wewe, maana mada imeshawekwa, zamu ya kusema hupangwa, na ukichangia hoja moja tu yenye maana watu watakufuata mlangoni wenyewe.

Pita pia kwenye vibanda vya gemu huru, yaani zile zinazotengenezwa na watu wachache wasio chini ya kampuni kubwa. Independent Games Festival, shindano la gemu huru linaloambatana na GDC na lililotoa tuzo zake za kwanza mwaka 1999, huwa na sehemu ambako watengenezaji husimama kando ya gemu zao. Usianze kuongea. Cheza kwanza, tulia, uimalize demo kama foleni inaruhusu. Kisha mwambie mtengenezaji kitu kimoja mahususi ulichokiona: namna mruko ulivyokuwa na uzito, au mahali ulipopotea. Amesimama hapo tangu asubuhi akisikia "gemu nzuri" kutoka kwa kila mpitaji, kwa hiyo mtu aliyeona undani wa kazi yake atakumbukwa.

Kuhusu sherehe za usiku, umedanganywa. Nyingi zina muziki mkubwa kiasi kwamba hata wachangamfu hawasikiani. Mazungumzo ya asubuhi kwenye kifungua kinywa na ya alasiri kwenye korido yana faida zaidi, na watu huyakumbuka kesho yake. Ukipenda kwenda, nenda mapema kabla kelele hazijapanda, shika maji au soda, ondoka unapotaka. Hakuna anayekagua glasi yako, na akitokea wa kukushinikiza unywe, huyo si mtu wa kumjengea uhusiano wa kazi. Nenda na mwenzako uliyemfahamu mchana, na mwelezane mtarudije. Mikutano mikubwa huwa na kanuni za mwenendo na watu maalumu wa kupokea malalamiko. Yeyote akikugusa, akikutisha au akikupa ahadi ya kazi kwa masharti ya faragha, ondoka hapo, toa taarifa kwa watu hao uso kwa uso, na ukiona kuna hatari, kwa polisi. Usikae kimya kwa kuhofia jina lako kuharibika.

Gemu yako. Kuwa haijakamilika si kasoro. Wachapishaji, yaani kampuni zinazogharamia gemu na kuziingiza sokoni, wamezoea kuona gemu ambazo hazijakamilika, ndiyo kazi yao. Kosa lingekuwa kumfungulia mtu kompyuta mapajani kwenye korido bila kuombwa. Kama unataka kukutana na wachapishaji, kikao huombwa kabla, na kwa muda uliobakiza unapaswa kuanza wiki hii. Tazama kama mkutano wako una mfumo wa kupanga vikao, kama vile MeetToMatch, au waandikie kwa barua pepe wachapishaji wachache ambao tayari wametoa gemu zinazofanana na yako kwa roho. Ukimwandikia mchapishaji wa gemu za mbio kuhusu gemu ya mafumbo, umempotezea muda naye hatakujibu. Barua iwe fupi, iwe na kiungo cha video isiyozidi dakika moja, na iseme kikao unachokiomba ni cha nini.

Ukipewa kikao, huwa ni cha nusu saa hivi. Toleo lako lifanye kazi bila intaneti, maana intaneti ya ukumbi wenye maelfu ya watu haitegemeki. Liwe limehifadhiwa mahali pawili, betri imejaa, na hedifoni ziwe mkononi. Mpe acheze ndani ya dakika mbili za mwanzo, kisha unyamaze. Hapo tena ukimya ni mali, kwa kuwa wengi huharibu kwa kumwongoza mchezaji kila hatua. Atakapomaliza atauliza gemu inawalenga wachezaji gani, imebaki miezi mingapi, inahitaji fedha kiasi gani, na nani mwingine anaifanya. Uwe na majibu ya kweli, hata kama ni madogo. Na mtu yeyote akikuletea mkataba, usiusaini hapo. Mpelekee mwanasheria anayeelewa haki miliki, ukae naye, akuonyeshe nani atamiliki gemu na wahusika wake, fedha za awali zitarudishwaje kabla hujaanza kuona mgawo wa mauzo, na haki zitarejeaje kwako mchapishaji akifilisika. Mchapishaji wa kweli atakusubiri.

Zile nakala 50 za wasifu ziache nyumbani. Hakuna anayetaka kuzunguka na karatasi yako siku nzima, na akikuhitaji atakuomba uitume. Kadi beba chache. Kinachofaa zaidi ni ukurasa mmoja wa mtandaoni wenye video fupi za kazi zako, unaofunguka haraka kwenye simu, na msimbo wa QR wa kuufikia. Kila mnapoachana na mtu, jitenge dakika moja uandike jina lake, mlichozungumza, na kama umemwahidi kitu. Fanya hapo hapo, kwa sababu jioni majina yote yatakuwa yamechanganyika. Na upumzike. Baada ya mazungumzo kadhaa mtu mkimya huchoka kweli, si uvivu; toka nje, tembea, kula, kisha urudi. Mazungumzo matatu mazuri kwa siku yanatosha.

Sehemu kubwa ya kazi huanza ukirudi, na hapa ndipo wengi sana wanapoacha. Ndani ya wiki moja mwandikie kila mmoja, ujumbe wake peke yake: "Tulizungumza Jumatano baada ya mhadhara wa fizikia, ukaniambia mnavyopunguza kumbukumbu kwa kuhifadhi tofauti tu kati ya fremu. Nimeijaribu kwenye mradi wangu na imefanya kazi, isipokuwa vitu vinapogongana. Nimekuwekea hapa video fupi." Usiombe chochote kwenye ujumbe huo wa kwanza. Ukiona miezi miwili mitatu baadaye gemu yao imetoka, icheze, mwandikie ulichokiona. Ukiona nafasi ya kazi inayomfaa yeye, mtumie. Asipojibu, jaribu mara moja tena baada ya wiki chache, kisha umwache. Watu wana miezi migumu ya kumaliza miradi, na kimya chao mara nyingi hakikuhusu wewe. Siku nafasi ikitangazwa kwenye studio ya mmoja wao, omba kupitia tovuti yao kama waombaji wengine, halafu mwandikie siku hiyo hiyo kumjulisha kwamba umeomba, ukitaja jina la nafasi na kuweka kiungo cha kazi zako, ili kama yuko tayari kukusemea asilazimike kutafuta kitu.